Manara Tuliyemsikia

Ukikaa jioni na wazee wa Maswa, hasa wale waliofanya kazi kwenye kinu cha pamba, kwenye reli pale Malampaka au kwenye vyama vya msingi vya ushirika, haipiti saa moja kabla jina la Sunday Manara halijatajwa. Hulitaja kama mtu anavyomtaja ndugu yake aliyehamia mbali. Waulize nani alikuwa mkuu wa wilaya mwaka 1974, watakuna vichwa. Waulize nani aliifungia Yanga bao la ushindi pale Nyamagana mwaka huo huo, watajibu wanne kwa mpigo, na mmoja atainuka na mkongojo wake aonyeshe jinsi mguu ulivyokwenda.

Lililonifanya nishike kalamu si mapenzi hayo, kwa kuwa mapenzi ya mpira yako kila mahali. Ni kwamba wengi wa wazee hao hawakupata kumwona Manara akicheza hata siku moja. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Tulimsikia. Tulimsikia redioni, tukamsikia kwa abiria walioshuka kwenye treni, tukamsikia kwa madereva wa malori ya pamba. Na sasa, baada ya nusu karne, tunamkumbuka kwa undani ambao hatuna kwa watu tuliokula nao sahani moja. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, kabla na baada ya kukabidhiwa ualimu mkuu, na sikuzote niliwaambia wanafunzi kwamba masimulizi nayo ni ushahidi. Tangu nistaafu nimekuwa nikiyaandika masimulizi ya Manara katika daftari la mistari, kila ninapoyapata, nikijiuliza: huu ni ushahidi wa nini hasa? Ni habari za Manara, au ni habari zetu?

Kwanza nieleze yale yasiyo na ubishi, kwa faida ya msomaji kijana. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata walizaliwa watani wake wa jadi, ambao baada ya kubadili majina mara kadhaa waliitwa Sunderland, na mwaka 1971 wakachukua jina la Simba. Sunday Manara alitoka katika nyumba ya wachezaji. Kaka yake, Kitwana, aliyejulikana kwa lakabu ya Popat, alipata kuwa mlinda mlango na pia mshambuliaji, jambo ambalo leo mwalimu wa mpira asingelikubali. Mdogo wao, Kassim, naye alikuwa mchezaji. Sunday aliichezea Yanga ile ya akina Maulidi Dilunga, Gibson Sembuli na Athumani Kilambo, na aliichezea timu ya taifa. Mwaka 1977 alikwenda Uholanzi kuichezea klabu ya Heracles ya mji wa Almelo, na ndiye anayehesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya. Kutoka huko alikwenda Marekani, akawa na New York Eagles, kisha Austria, kisha Dubai. Watu walimwita Kompyuta.

Sasa tuje Nyamagana.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, 1974, Yanga na Simba walikutana Mwanza kuamua ubingwa wa Tanzania. Kirumba haujajengwa wakati huo, na uwanja ulikuwa ule wa Nyamagana, katikati ya mji. Simba ya mwaka ule haikuwa timu ya kubezwa. Ndiyo Simba iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika mwaka huo huo, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti baada ya kila timu kushinda kwake 1-0. Ikapata bao mapema kupitia kwa Adam Sabu. Yanga wakahangaika kipindi cha kwanza na karibu chote cha pili. Zilipobaki dakika tatu, Gibson Sembuli akasawazisha. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga. Ikawa 2-1, na Yanga wakachukua ubingwa.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Ni maneno machache, na kijana aliyezoea kuona bao moja likirudiwa mara kumi kwenye televisheni atauliza picha iko wapi. Picha hakuna. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwaka 1973, lakini huku Bara hatukuipata mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo bao lile halikuhifadhiwa popote ila vichwani mwa watu, na vichwa hivyo sasa vina mvi au vimeshazikwa.

Msomaji wa mbali anaweza kuona ajabu kwamba mchezo wa timu mbili za Dar es Salaam ulitugusa hivyo sisi wa Maswa. Wilaya yetu wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja mwaka 2012. Dar es Salaam ilikuwa mbali kama Ulaya. Lakini Mwanza haikuwa mbali. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita Malampaka, ndani ya wilaya hii, na Agosti ni msimu wa pamba. Mtu aliyekwisha pima pamba yake na kulipwa alikuwa na nauli mfukoni. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza katika maisha kwamba majina tuliyoyasikia redioni yalikuja mahali ambapo mtu angeweza kwenda akayaona kwa macho, akarudi kwake akalale. Waliokwenda, wakaenda. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, si muda mrefu tangu nitoke Chuo cha Ualimu Butimba, nikiwa na zamu ya shule na mshahara uliokwisha tangu tarehe tano. Nilibaki.

Tuliobaki tulikuwa na redio. Hapo nataka nikae kidogo, maana vijana hudhani redio ilikuwa ya kila nyumba. Kijiji kizima kingeweza kuwa na redio tatu, na moja ikiwa haina betri. Mwaka uliotangulia, 1973, palikuwa na ile kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania na kujifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Kampeni ile ilitufundisha jambo ambalo halikuwamo katika kitabu chake: kukaa chini ya mti watu thelathini, kimya, kuzunguka redio moja. Vyoo vilichimbwa, na vingine vimeshafukiwa. Ule utaratibu wa kukaa ulibaki, na ndio tuliouhamishia kwenye mpira. Miaka iliyofuata, sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo zilipokuwa zikituchorea uwanja, tulikuwa wanafunzi waliokwisha kufuzu katika kusikiliza.

Kusikiliza mpira si kitu kimoja na kuutazama. Anayetazama hupewa kila kitu. Anayesikiliza hupewa jina, upande wa uwanja na kelele za watu, mengine anajaza mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na Manara wake. Katika daftari langu yuko Manara mrefu na Manara mfupi. Yuko mwenye mguu wa kushoto na mwenye mguu wa kulia. Mzee mmoja wa Nyalikungu alinihakikishia kwamba Manara hakuwa akikimbia kabisa, alikuwa akitembea tu na wengine ndio wakikimbia pembeni yake. Sikumbishia. Nadhani alikuwa akinieleza vizuri kuliko wengi namna mchezaji yule alivyosikika: mtu asiyekuwa na haraka kati ya watu wenye haraka.

Kuna jambo jingine, nalo ni la Kisukuma. Muda mrefu kabla ya Simba na Yanga, sisi tulikuwa na Bagika na Bagalu. Simulizi linasema kwamba walikuwako waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ni kali zaidi, na ubishi ukaamuliwa kwa ngoma. Kila mmoja apige ngoma yake na wafuasi wake, siku moja, mahali pamoja, na yule atakayevuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Tangu hapo Usukuma wote uligawanyika pande mbili. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, makundi hukutana na kushindana, na watu husimama katikati wakivutwa huku na huku. Mtu hazaliwi na upande katika damu, lakini aghalabu huupata nyumbani, na akishaupata hauachi. Humo ndani kuna utani mkali, kuna madai ya uchawi, kuna mabishano ya kusema mwaka fulani mliponea chupuchupu. Pale Bujora, Kisesa, katika makumbusho ya Wasukuma, msomaji anaweza kujionea habari za pande hizo mbili.

Basi Simba na Yanga walipotufikia kwa redio hatukuhitaji kufundishwa. Watu wazima walilitambua jambo lile mara moja. Pande mbili, kila moja na rangi zake, dawa zake na wazee wake, zikishindana mbele ya umati katika msimu uleule wa mbina. Mzee mmoja ambaye hakujua kusoma alikuwa akiwaita Yanga kwa jina la upande wake wa ngoma, na hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa wote tulielewa alikuwa na maana gani. Na katika ngoma zetu mtu anayekumbukwa kuliko wote ni ningi, ndiye manju kwa Kiswahili, yule ambaye akiinua sauti na kuingia uwanjani watazamaji wa upande wa pili wanajikuta wamehama bila kukusudia. Wako baningi waliofariki kabla sijazaliwa ambao mama yangu alikuwa akiwasimulia kana kwamba wangepita mlangoni jioni hiyo. Manara tulimweka katika safu hiyo. Ndiyo maana hata watu wa Simba hapa kwetu humsimulia. Shabiki wa Simba hataisifu Yanga, lakini atamsifu Manara, kama vile Mgalu aliyeshindwa anavyoweza kumsifu ningi wa Bagika usiku akiwa nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Ushindi wa Nyamagana haukuwa wa pekee. Mapema mwaka 1975 timu hizo zilikutana tena Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Yanga wakashinda 2-0, na wafungaji walikuwa walewale wawili, Manara na Sembuli. Baadaye mambo yakaharibika. Ulizuka mgogoro mkubwa ndani ya Yanga, na mwaka 1976 kundi la waliojitenga likaanzisha Pan African. Sina hamu ya kuueleza mgogoro huo. Migogoro ya viongozi wa mpira hufanana kama mapacha, na huwachosha hata walioianzisha. Inatosha kusema kwamba tarehe 19 Julai, 1977 Simba waliwafunga Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu, Jumanne Masimenti mawili, na beki wa Yanga Selemani Sanga akajifunga moja. Wana Yanga wa Maswa husema hadi leo kwamba siku ile Yanga halisi haikuwapo uwanjani. Wana Simba hujibu kwamba jezi zilikuwapo.

Na mwaka huo huo tukasikia Manara amekwenda Uholanzi. Nakumbuka vema jinsi habari ile ilivyopokewa, kwa sababu ilinikuta darasani. Wanafunzi waliniuliza Almelo iko wapi. Shule ilikuwa na ramani moja ya dunia ya ukutani, iliyochanika upande wa Bahari ya Pasifiki, na Almelo haikuwamo. Tukaionyesha Uholanzi yenyewe, ndogo kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole, na mtoto mmoja akauliza kama Manara ataweza kugeuka na mpira katika nchi ndogo namna ile. Wengine wakacheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kijinga. Kwa miaka ile, kuondoka kwake kulikuwa na maana mbili zilizovutana. Tulijivuna kwamba Mzungu amekubali kumlipa mwenzetu kwa kucheza. Papo hapo tulihisi tumenyang'anywa. Redio haikuweza kutufuata Almelo. Kwa mara ya kwanza Manara akawa anacheza mahali ambapo hatukumsikia, na nadhani ni katika ukimya huo ndipo kumbukumbu zetu zilipoanza kukomaa. Mchezaji anayebaki machoni pa watu huzeeka mbele yao. Hupoteza mpira, hukaa benchi, huzomewa. Manara wetu aliondoka akiwa mzima.

Niseme neno kuhusu lakabu yake. Kompyuta ni neno ambalo leo mtoto wa darasa la pili analijua. Miaka ile palikuwa na mashine chache nchini, na mwaka 1974, mwaka uleule wa bao la Nyamagana, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya zile za hesabu za serikali kuleta hasara na vurugu. Hivyo walio wengi hapa walilisikia neno lenyewe kwanza kama jina la mtu. Nilipokuja kuona kompyuta ya kweli katika ofisi moja mjini Shinyanga, miaka mingi baadaye, mzee aliyefuatana nami aliitazama kwa makini, akauliza inafanya nini. Akaelezwa inafanya hesabu haraka bila kukosea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi walimpa jina sawasawa.

Ndugu msomaji, nimesema daftari langu limejaa tofauti. Mwanahistoria wa kweli angezichambua na kuzitupa zile za uongo. Nimejaribu. Nimegundua kwamba waliodai kuwapo Nyamagana siku ile, kwa Wilaya ya Maswa peke yake, wangetosha kuujaza uwanja na wa Mwanza wakakosa pa kukaa. Nimegundua kwamba wengi humpa Manara mabao yote mawili. Wengine huchanganya Nyamagana na Zanzibar, wakamfanya Adam Sabu hakuzaliwa. Lakini katika kuchambua nilikutana na mambo mawili yaliyonifanya nisiwe mwepesi wa kutupa.

La kwanza ni la mama mmoja mjane wa upande wa Malampaka. Hajui mpira, na haoni sababu ya kuujua. Nilimtembelea kwa shughuli nyingine, na tulipokuwa tukinywa uji akasikia mimi na mwanawe tukimtaja Manara, akasema, huyo namfahamu. Akaeleza. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji. Wasukuma walizoea kukaa mbalimbali, kila mtu na mji wake, mashamba yake na zizi lake, na sasa waliamriwa kuhama na kukaa pamoja katika mistari. Wao walihamishwa baada ya kuvuna, wakaacha nyumba ya matofali ambayo mumewe aliijenga kwa pamba ya miaka mitatu. Walipofika kwenye kiwanja walichopewa palikuwa na vigingi tu. Mvua zilikuwa zimekuwa haba, chakula kilikuwa kidogo, na mumewe, aliyekuwa mtu wa maneno, akanyamaza. Hakuwa akigombana wala kulalamika. Alinyamaza wiki nyingi. Redio yake aliitundika kwenye nguzo ya nyumba isiyo na paa. Jioni moja mama akiwa anapuliza moto akasikia kishindo cha mtu akicheka. Akadhani mumewe amerukwa na akili. Alikuwa amesimama chini ya nguzo, akicheka peke yake na kupiga mapaja, akisema Manara, Manara. Baadaye wakatoka majirani ambao hawakuwa wamejuana bado, wakaja kumuuliza kuna nini, akawaeleza, wakakaa mpaka usiku. Mama alisema kwamba kwa hesabu yake, siku waliyohamia pale si ile waliyoshushwa na lori. Ni ile.

Sijui niite nini ushahidi huo. Kwa habari za bao haufai kitu, kwani mama hajui lilifungwa wapi wala na mguu gani. Kwa habari za mwaka 1974 katika Usukuma ni mzito kuliko mengi niliyoyasoma. Vitabu vimeandika mengi kuhusu operesheni ile, idadi ya watu na idadi ya vijiji, na uchumi wake. Sijaona kilichoandika ni lini watu waliohamishwa walianza kuongea na majirani zao.

La pili linahusu haki. Katika daftari langu Gibson Sembuli anatoweka polepole. Wazee walio na miaka themanini humtaja bila kuulizwa. Wa miaka sabini humtaja ukiwakumbusha. Watoto wao, waliopokea hadithi hii kama urithi, wanalijua jina moja tu. Sembuli alikuwa mpigaji wa mashuti makali, kwa masimulizi ya wote waliomwona, na bila yeye dakika ya 97 isingekuwapo. Lakini hakuwa na lakabu yenye mvuto kama ile ya mwenzake, wala jina lake halikusafiri Ulaya likarudi na sifa mpya. Umati una moyo mkubwa lakini mikono yake ni midogo, hauwezi kubeba wengi.

Aliyenifungua macho ni karani mmoja wa mizani wa chama cha msingi, Mungu amrehemu, mwana Simba wa kufa na kupona, ambaye alikwenda kweli Nyamagana. Nasema alikwenda kweli kwa sababu maelezo yake hayakuwa na mapambo. Hakukumbuka bao la Manara lilivyofungwa. Alikiri kwamba alikuwa ameinamisha kichwa. Alichokumbuka ni bao la Sembuli, na zaidi ya hapo alikumbuka dakika kumi kabla yake, jinsi wana Simba walivyokuwa wamekwisha anza kuimba na yeye mwenyewe amemnunulia soda mtu asiyemjua. Alisema aliyewaua ni Sembuli. Manara aliwafukia tu. Halafu akaeleza safari ya kurudi, mabehewa yamejaa, wana Yanga wakipiga makopo mpaka Malampaka, na wana Simba wamelala usingizi wa uongo. Alinitaka niandike jina la Sembuli kwa herufi kubwa. Niliandika mbele yake, akaomba daftari, akaangalia kama mtu anayekagua mizani, akanirudishia. Nilikusudia kurudi kumuuliza mengine. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwangu. Wachezaji wa enzi ile hawakulipwa kitu cha kusema. Wengi waliajiriwa katika mashirika, wakafanya kazi asubuhi na mazoezi jioni, na hawakuachiwa mkanda wa picha ambao wajukuu wao wangeutazama. Malipo yao yalikuwa kukumbukwa, na mifuko ya malipo hayo ni sisi wazee. Kila mmoja wetu akizikwa, kuna pasi, kuna chenga, kuna jina la beki fulani linalokwenda naye. Mwalimu wa historia anajua kwamba hilo ndilo lililowapata baningi wengi wa mbina. Tunajua majina matatu au manne, na nyuma yao waliimba mamia.

Kuna mengine madogo madogo daftarini ambayo sipendi yapotee. Miaka ya uhaba, yalipoletwa mahindi ya manjano kutoka nje, watu waliuita unga wake yanga kwa ajili ya rangi, na nilimjua mwana Simba aliyekuwa akila ugali huo huku ameupa kisogo, mkono ukitoka nyuma kuchukua tonge. Kuna watoto wanne katika shule yangu ya pili walioandikishwa kwa jina la Sunday, mmoja akiwa amezaliwa siku ya Alhamisi. Na kuna hili la karibuni, kwamba mwanawe Manara alikuwa msemaji wa Simba, kisha mwaka 2021 akahamia Yanga, jambo lililozua mjadala wa wiki nzima kwenye kijiwe chetu cha kahawa, wazee wakilijadili kama shauri la ukoo, nani aliyemlea, nani aliyemkosea, na sasa amerudi kwao au amekwenda ugenini.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Mwanza kwa matibabu ya macho, na nikiwa na saa mbili za kusubiri nikatembea hadi Nyamagana. Uwanja sasa una nyasi bandia, za kijani isiyobadilika kiangazi wala masika. Vijana walikuwa wakifanya mazoezi, na pembeni, kivulini, walikaa wazee watatu. Tukaamkiana, nikawaeleza nimetoka Maswa, nikawauliza goli alilofunga Manara ni lipi. Mmoja akanyoosha mkono upande huu. Wa pili akanyoosha upande ule, akiwa na hakika kabisa, na wakaanza kurushiana maneno kwa Kisukuma. Nikauliza, na la Sembuli je? Wakanyamaza wote wawili. Yule wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike, akainuka kwa shida, akaninong'oneza nimfuate, akaanza kutembea pembeni ya uwanja akihesabu hatua. Nikatoa daftari.